Siku ya tatu ya AVC

Kwa familia nyingi za hapa Lubumbashi, AVC, yaani kiharusi, ina siku yake ya hukumu, nayo ni siku ya tatu. Siku ya kwanza ni mbio tu: nani ana gari, nani ana franka, hospitali gani iko karibu. Siku ya pili mgonjwa anafungua macho, anaitika jina lake, na simu zinapigwa hadi Likasi na Kolwezi kusema Mungu ametenda. Siku ya tatu anarudi nyuma. Anasinzia katikati ya neno, pumzi inakoroma, ngozi inachemka. Hapo wakubwa wa ukoo wanatoka mmoja mmoja, wanasimama chini ya mwembe wa hospitali, na maneno yanaanza.

Kiswahili cha vitabuni kinasema kiharusi, nami nitatumia majina yote mawili. Lakini hata bibi wa Katuba asiyejua neno lingine la Kifaransa, AVC anaijua.

Baba yangu mdogo alianguka bafuni alfajiri. Mkono na mguu wa kulia vikawa si vyake, maneno yakamkwama kooni. Siku ya tatu nilikuwa chini ya mwembe huo. "Huyu balimutupia kintu," mkubwa mmoja akasema, yaani amerogwa, na macho yote yakaenda kwa shangazi mjane aliyekaa pembeni na termosi ya uji mapajani, kwa kuwa yeye ndiye aliyempikia jioni ya mwisho. Niliporudi ndani, daktari kijana wa zamu akanipa ordonansi, karatasi ya dawa za kununua, yenye mistari mitatu: sindano za deksametazoni, sindano za seftriaksoni, serumu (dripu) ya glukozi. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya daftari langu la masomo.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, si daktari, na siku ile sikuwa na ubavu wa kubishana na koti jeupe. Nilikwenda farmasi, nikalipa. Ila karatasi ile nimeitafakari sana, na leo naona kwamba waliokuwa chini ya mwembe na aliyeandika ordonansi walikosea jambo lilelile. Wote walitafuta kitu kilichoingia siku ya tatu. Kilichomrudisha nyuma baba mdogo kilikuwa kimeanza kazi tangu saa ya kwanza, na kilitoka mwilini mwake mwenyewe.

Tuanze na saa hiyo ya kwanza. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yake, na hauna ghala la akiba. Mshipa mkubwa ukiziba, njaa inaingia papo hapo. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu akapata kwamba katika kiharusi cha mshipa mkubwa uliozibwa, mgonjwa asiyetibiwa hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika. Ndiyo sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya skana kuonyesha kwamba hakuna damu iliyomwagika. Kwetu saa 4 na nusu mara nyingi zinaishia barabarani na kwenye dirisha la malipo. Hilo lina makala yake, siligusi leo.

Seli hizo hazifi kimya. Zikipasuka, vitu vilivyotakiwa kukaa ndani vinamwagika nje, na kwa mfumo wa kinga kitu cha ndani kikionekana nje ni kelele ya msiba. ATP, ambayo wanafunzi wangu wanaikariri kama nguvu ya seli, hapo inageuka kuwa tarumbeta. Kuanzia hapo mambo yanakwenda kama kilio cha mtaani kwetu.

Wa kwanza ni wenye nyumba. Hao ni mikroglia, seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo, zilizoelezwa na Mspania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Ndani ya dakika zinageuka sura, zinanyoosha mikono kuelekea penye madhara na kuanza kutoa saitokini, zile protini za kuitana: interlukini, TNF na jamaa zao. Wa pili ni vijana wa avenue, yaani wa mtaa: nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazokuja ndani ya saa chache na kufikia wingi wao kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Wanaojua vilio vya hapa wanajua vijana hao wakoje. Wanakuja na nguvu, wanataka kusaidia, na kabla jua halijazama wameshavunja uzio wa jirani kupata kuni. Baadaye wanafika wajomba wa Likasi, yaani monositi, wanaogeuka makrofaji na kuanza kubeba takataka. Wa mwisho ni limfositi, ndugu wanaokuja kwa treni kutoka Kalemie, ambao wengi wao watafika wakati wengine wanaosha sufuria.

Ratiba hii imepimwa zaidi kwa panya kuliko kwa watu, lakini damu na ubongo wa binadamu vinaonyesha mpangilio unaofanana nayo.

Sasa uzio huo wa jirani. Mishipa midogo ya ubongo imefungwa barabara kuliko mishipa ya sehemu nyingine za mwili; kuta zake zina seli zilizoshikamana sana ili damu isichanganyike ovyo na ubongo. Nyutrofili wakifika wanamwaga vimeng'enya, na kimoja kinachoitwa MMP-9 kinatafuna gundi ya ukuta huo. Maji na protini za damu vinavuja kuingia ndani. Ungekuwa mguu, ungevimba tu na ukapungua. Fuvu la kichwa halitanuki. Kila tone linaloingia linasukuma kitu kingine, na kinachosukumwa mwisho ni sehemu za chini zinazoshika pumzi na fahamu. Uvimbe huu katika kiharusi cha mshipa kuziba hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tano.

Hesabu mwenyewe. Katikati yake iko siku ya tatu.

Wapo wanaopata AVC ya mshipa kupasuka, na Afrika wana sehemu kubwa zaidi kuliko Ulaya, kwa kuwa tansio yetu, yaani shinikizo la damu, inakaa miaka bila kupimwa huku makayabo, samaki wa chumvi, yakiendelea kuchemka jikoni. Kwao damu iliyomwagika ndiyo kichokozi chenyewe: hemoglobini na chuma chake vinaunguza seli na kuwaamsha mikroglia, na uvimbe unaweza kuendelea kukua hadi wiki ya pili. Ukoo wa mgonjwa wa namna hiyo una siku nyingi zaidi za kutafuta mchawi.

Mtu akisikia habari hizi anasema: basi wafungieni vijana hao mlango. Wanasayansi walisema vilevile, tena kwa fedha nyingi. Kwa panya ilifanya kazi vizuri: ukiwazuia nyutrofili wasishike ukuta wa mshipa, eneo linalokufa linapungua. Kwa hiyo ikatengenezwa enlimomabu, kingamwili ya kuziba kishikio hicho, ikajaribiwa kwa wagonjwa 625. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: waliopewa dawa walikuwa na hali mbaya zaidi na walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa maji yasiyo na dawa. Kingamwili ile ilitoka kwa panya, na mwili wa binadamu uliiona kama mgeni. Ikaleta homa na kuchokoza kinga ileile iliyotakiwa kutulizwa. Dawa nyingine ya kuwazuia nyutrofili ilijaribiwa kwa wagonjwa 966, majibu yakatoka mwaka 2003: haikusaidia kitu. Ikaja natalizumabu, inayowazuia limfositi wasiingie ubongoni, dawa nzuri kwa ugonjwa mwingine wa neva. Majaribio mawili, yaliyochapishwa 2017 na 2020, hayakuonyesha faida kwa kiharusi.

Kushindwa huku hakunishangazi sana. Panya wa maabara ni kijana, hana kisukari wala tansio, mshipa wake umezibwa saa inayojulikana, na dawa anaipata kwa wakati. Baba mdogo ana miaka 64, na hakuna anayejua alianguka saa ngapi.

Lakini kuna sababu ya ndani zaidi, na hiyo ndiyo inayonivutia. Wanaovunja ndio haohao wanaosafisha. Mwaka 2016 watafiti wa Hungaria waliwaondolea panya mikroglia karibu wote kabla ya kuwasababishia kiharusi. Kama wenye nyumba hao wangekuwa ndio adui, madhara yangepungua. Eneo lililokufa liliongezeka kwa takriban asilimia 60. Kumbe mikroglia pia hutuliza seli za neva zilizochanganyikiwa na kula mabaki. Makrofaji wanaokuja baadaye, wengi wao wanageuka kuwa wajenzi. Kuna hata kundi la limfositi ambao kazi yao ni kuwaambia wenzao watulie. Panya wakinyimwa kundi hilo, ubongo unaharibika zaidi. Ukiwafungia wote mlango umefukuza na wanaobeba maji.

Turudi kwenye ordonansi, mstari wa kwanza. Deksametazoni ni dawa ya kutuliza kinga yote kwa mpigo, na jina lake ni kubwa. Uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo inautuliza kweli. Mwaka 2020 iliokoa watu wa Covid waliokuwa kwenye oksijeni, na tangu hapo hakuna farmasi ya mitaa yetu ya Kenya wala Kamalondo isiyoijua. Kwa AVC habari ni tofauti. Mwaka 1987 madaktari wa Thailand waliipima kwa wagonjwa 93 waliomwaga damu ubongoni. Kufikia siku ya 21, waliopewa na wasiopewa walikuwa wamekufa kwa idadi ileile, na waliopewa walipata maambukizi na matatizo ya sukari mengi zaidi, hadi jaribio likasimamishwa. Kwa mshipa ulioziba pia, majaribio yaliyokusanywa pamoja hayakuonyesha faida. Nitakuwa mkweli: mwaka 2024 utafiti mkubwa wa China ulitoa dawa ya ukoo mmoja na deksametazoni kwa siku 3 tu, kwa wagonjwa waliokuwa wanavutwa damu iliyoganda kwa waya. Vifo vilipungua kidogo, ila lengo kuu la utafiti, yaani kupunguza ulemavu, halikufikiwa. Hospitali inayovuta damu iliyoganda kwa waya inaweza kujadili jambo hilo. Wodi ambayo kitanda chake nilikitandika kwa shuka za nyumbani haimo katika mjadala huo.

Mbona basi inaandikwa? Nafikiri inaandikwa kwa sababu familia iko nje, mwembe unaonekana dirishani, na daktari anatakiwa aonekane amefanya jambo. Sindano inaonekana. Ninamwelewa. Bado ningependa aache, na sababu ya kuacha iko kwenye mapafu.

Hapa mfano wangu wa kilio unakaribia kunishinda, kwa sababu kinachofuata ni kinyume cha fujo. Wakati kinga inawaka ndani ya kichwa, mwilini kwingine inazimwa. Ubongo ulioumia unatuma amri kupitia neva za hofu na tezi za adrenali. Kortisoli, homoni inayotuliza kinga, inapanda, limfositi wanapungua kwenye damu, wengu unasinyaa. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Berlin lilionyesha jambo hili kwa panya: baada ya kiharusi, bakteria walionekana mapafuni na kwenye damu ndani ya siku chache, na panya waliopewa dawa ya kuziba amri za neva hizo waliokoka nimonia. Huenda mwili unajizuia ili usiushambulie ubongo ambao sasa umeachwa wazi. Kwa vyovyote, ni kama avenue nzima imekwenda kilioni, na mwizi anajua.

Sasa mchomee mtu huyo deksametazoni. Kinga ya mapafu ambayo ubongo umeshaizima nusu, wewe unaimalizia, na sukari yake unaipandisha.

Mwizi mwenyewe anapita mdomoni. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi wana shida ya kumeza siku za mwanzo, na wengi hawakohoi kitu kikienda njia mbaya, kwa sababu koo limepoteza hisia. Nasi kwetu mgonjwa asiyekula ni aibu ya ukoo. Shangazi alimkalisha nusu, akampa uji, vijiko kumi, kumi na viwili, kwa upendo wote. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Uji ule, pamoja na mate na bakteria wa mdomoni, sehemu yake iliingia kwenye mapafu yasiyo na mlinzi. Kama siku ile mtu alitupiwa kitu, tulimtupia sisi, kwa kijiko.

Jioni joto lilikuwa 38.6. Hapa joto likipanda mtu wa kwanza kushtakiwa ni mbu, na ndugu mmoja alishauri kwinini. Kupima malaria ni halali, tunaishi nayo. Lakini homa ya siku ya tatu kwa mtu wa AVC inauliza kwanza habari za kifua. Na homa yenyewe, iwe imetoka wapi, ni mafuta kwenye moto: seli zilizo pembezoni mwa madhara, zenye njaa lakini bado hai, zinahitaji chakula zaidi kadiri joto linavyopanda. Mwaka 1996 utafiti wa Copenhagen ulikuta kwamba kila nyuzi 1 ya ziada mgonjwa anapopokelewa inaandamana na hatari ya matokeo mabaya iliyozidi maradufu.

Mstari wa pili wa ordonansi, seftriaksoni, nautetea nusu. Kwa baba mdogo homa ilikuwepo na kifua kilikoroma, antibiotiki ilikuwa na haki yake. Ninachopinga ni desturi ya kumpa kila mgonjwa wa AVC tangu mlangoni, "kwa usalama". Jambo hili limepimwa: mwaka 2015 Uholanzi ilichapisha matokeo ya wagonjwa 2,550, nusu yao wakipewa seftriaksoni siku 4 kama kinga. Maambukizi yalipungua, hasa ya njia ya mkojo, lakini nimonia haikupungua kwa kiwango cha maana, na baada ya miezi 3 hali za watu zilikuwa sawa. Uingereza walipima jambo linalokaribiana mwaka uleule, wakapata jibu lilelile. Tunalipa kwa franka zetu kuwafundisha bakteria kuizoea dawa.

Serumu ya glukozi sina maneno mengi. Sukari ikizidi, ubongo uliojeruhiwa unaumia zaidi, na maji yale mwili ukishakula sukari yake yanabaki maji matupu yanayokwenda kuongeza uvimbe. Kama sukari haijashuka, serumu ya chumvi inatosha.

Jibu linaloniridhisha limetoka Australia, na halina dawa mpya hata moja. Katika jimbo la New South Wales, wodi 19 za kiharusi ziligawanywa mara mbili. Katika kundi moja wauguzi walifundishwa kufuata mambo matatu kwa siku 3 za mwanzo: kupima joto na kulishusha kwa parasetamoli likifika 37.5, kupima sukari na kuidhibiti, na kuhakikisha mgonjwa anameza sawasawa kabla ya kumpa chakula, kinywaji au kidonge. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya siku 90, waliokufa au kuwa tegemezi walikuwa asilimia 42 katika wodi hizo, na asilimia 58 katika wodi nyingine. Hakuna kingamwili wala sindano ya kutuliza kinga iliyokaribia tofauti hiyo.

Ninavyosoma matokeo hayo, wauguzi wale hawakujaribu kuwazuia vijana wa avenue. Waliwanyima kuni za ziada, na wakafunga mlango wa mapafu wakati mwenye nyumba yuko msibani. Parasetamoli tunayo. Kipimo cha sukari kipo hata katika vituo vidogo vya Ruashi, ingawa vijiti vyake vinaisha. Kipimajoto kimoja kinaweza kuzunguka vitanda kumi. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa mamlaka ya kusema huyu asile bado, na ukoo uliojiandaa kumsikiliza.

Mtu huyo kwetu alikuja na zamu ya usiku, mama mmoja wa makamo, muuguzi, mwenye sweta ya kijani juu ya sare. Aliiona termosi kabla hajamwona mgonjwa. Akanyanyua kitanda kichwani, akampa baba mdogo maji kijiko kimoja cha chai, akaweka vidole viwili kooni, akasubiri. "Papa, sema aaa." Sauti ilitoka imelowa, kama redio iliyoanguka kwenye ndoo. "Uji basi, mwalimu," akaniambia, "mpaka mimi niseme." Akaomba parasetamoli ya njia ya nyuma, akaniamuru nimsafishe mdomo kwa kitambaa mara tatu kwa siku, na akanigeuzia mgonjwa ubavu kila baada ya saa 2 kwa kuniamsha kwa kidole begani. Deksametazoni hakuizungumzia. Asubuhi nilikuta chupa zake bado zimefungwa kwenye karatasi ya farmasi.

Baba mdogo yuko hai. Mkono wa kulia haujarudi wote, na majina ya watu yanamponyoka, lakini anakula mwenyewe, taratibu, kidevu kimeinama kama alivyofundishwa. Uji wake sasa anapikiwa na binti yake. Shangazi alihamia Likasi wiki ile tulipotoka hospitali, na mpaka naandika haya hakuna mkubwa wa ukoo aliyempigia simu.